Msaada: Kompyuta inagoma kuwaka, 0xc000000f \Boot\BCD. Draivu D ina hesabu za kikoba, nisiipoteze

Binti_Mwanga (Kigoma), Jumanne saa 2:10 usiku

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za usiku.

Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana vilivyomo kwenye hii mashine si vyangu peke yangu.

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za paspoti. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba. Niliinunua ikiwa na Windows 7, baadaye ikapandishwa kuwa Windows 10. RAM GB 8, diski ya kawaida ya GB 500 iliyogawanywa C na D. Kwenye D kuna hesabu za kikoba cha akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi. Wako 28, na mimi ndiye katibu wao tangu 2021. Hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, vyote viko kwenye Excel. Madaftari ya mkono tuliyaacha mwaka jana baada ya mvua kuingia ndani na kuyalowesha.

Jumamosi ya wiki ijayo tunavunja kikoba. Siku hiyo tuliipanga makusudi, itakuwa mbalamwezi, wavuvi hawaingii ziwani na akina mama hawana dagaa wa kugeuza, kwa hiyo wote watakuwepo.

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika Windows ikiwa katikati ya kujisasisha. Uliporudi nikakuta kioo cha bluu, kwamba kompyuta inahitaji kukarabatiwa. Chini yake pameandikwa faili ni \Boot\BCD, na namba 0xc000000f.

Kijana mmoja jirani akaniambia nipige Windows upya kwenye C tu, D haitaguswa. Nikanunua flashi ya GB 64 sokoni kwa sh. 12,000. Nikapakua faili la ISO la kusakinishia Windows kwa bando la usiku kwenye laptopu ya mdogo wangu, karibu GB 6, nikalichoma kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Flashi ikawaka vizuri tu. Nikachagua C, nikaifomati, ikaanza kunakili mafaili. Ilipofika asilimia 52 ikasimama, ikasema haiwezi kusakinisha mafaili yanayohitajika, 0x8007025D. Nimerudia mara tatu. Nikichomoa flashi na kuwasha, inarudi ile ile 0xc000000f.

Jana nikaona kwenye menyu ya kubuti flashi yangu inatokea mara mbili, na moja ina neno UEFI mbele yake. Nikajaribu hiyo. Hapo ndipo ikakataa kabisa, eti diski ina jedwali la patisheni (vipande vya diski) la aina ya MBR na yenyewe inataka la aina ya GPT.

Nifanye nini bila kugusa D? Tangu Ijumaa silali vizuri.

---

Kasulu_Kwetu, Jumanne saa 2:45 usiku

Pole sana dada. Hiyo ndogo. Washa kwa flashi, usibonyeze kitufe cha kusakinisha, bonyeza maandishi ya kukarabati yaliyo chini kushoto, nenda mpaka kwenye dirisha jeusi la amri. Andika moja baada ya nyingine:

bootrec /fixmbr
bootrec /fixboot
bootrec /rebuildbcd

Kisha chomoa flashi uwashe. Mimi imenisaidia mara nyingi.

---

Binti_Mwanga, Jumanne saa 3:30 usiku

Asante kaka. Mbili za kwanza zimekubali. Ya tatu inasema Windows zilizopatikana ni 0. Nimewasha, ni kioo kile kile.

---

Mkali_wa_Diski, Jumanne saa 3:52 usiku

Tatizo ni MBR. Hapo kwenye kuchagua patisheni bonyeza Shift na F10, andika diskpart, halafu select disk 0, halafu clean, halafu convert gpt. Rudi upige Windows. Dakika tano umemaliza.

---

Fundi_Isevya (Tabora), Jumanne saa 3:58 usiku

Mwanangu wa Mwanga, USIANDIKE CLEAN. Kama uko mbele ya mashine sasa hivi, toa mkono kwenye kibodi, zima, halafu unisome.

Hiyo amri haichagui C au D. Inafuta jedwali la patisheni la diski nzima. Ukishaipiga hakuna C, hakuna D, kuna diski moja tupu ya GB 500, na hesabu za akina mama wako zimekwenda na hilo jedwali. Mkali, najua hukuwa na nia mbaya, na kwa diski isiyo na kitu ushauri wako ni sahihi. Lakini huyu dada ameeleza tangu kwenye kichwa cha habari kwamba D ina mali za watu.

Nasema kwa ukali kwa sababu mimi nimeshaifanya. Mwaka 2016 niliitwa kwenye shule moja, mashine ya mwalimu wa taaluma imegoma, tatizo ni kama hili lako. Nikaandika clean bila kuuliza kuna nini humo, nikafomati, nikapiga Windows safi kabisa, nikanawa mikono. Mwalimu akaja, akafungua, akauliza matokeo ya watoto yako wapi. Ilikuwa miaka mitatu ya matokeo. Nilikaa naye wiki mbili tukiyaandika upya kutoka kwenye karatasi zilizobaki, na mengine hayakupatikana. Tangu siku hiyo siishiki mashine ya mtu kabla hajaniambia kwa mdomo wake kuna nini ndani.

Sasa tuje kwako. Una matatizo mawili yaliyopandana, ndiyo maana kila mtu anashika moja na kuliacha lingine.

La kwanza ni BCD. Mashine yako ikiwashwa kwa mfumo wa zamani, BIOS, ile programu ndogo ya ubao mama inayoamsha mashine, inasoma sekta ya kwanza ya diski, hiyo ndiyo MBR. Pale inaoneshwa patisheni iliyo hai, inamkuta bootmgr, programu inayoiwasha Windows, naye anafungua faili la BCD. BCD ni daftari dogo tu linaloandika Windows imekaa patisheni gani. Daftari lako lipo kwenye kipande kidogo cha mwanzo wa diski, chenye kama MB 100 kwa waliotoka Windows 7, ambacho huwa hukioni kwenye orodha ya draivu zako. Umeme ulipokatika liliharibika. Nimejuaje ni mfumo wa zamani? Wewe mwenyewe umeniandikia njia ya faili, \Boot\BCD. Ingekuwa UEFI, yaani mfumo mpya wa kuwasha mashine, ungeona \EFI\Microsoft\Boot\BCD. Watu wengi wanakariri ile namba na kuiacha njia ya faili, na njia ndiyo inayosema mashine inatafuta wapi.

Siku ile ya Ijumaa, kabla hujafomati C, ungeweza kujaribu mstari mmoja wa kuliandika upya daftari hilo:

bcdboot C:\Windows /s S: /f BIOS

ambapo S ni herufi uliyokipa hicho kipande kidogo. Leo hausaidii, kwa sababu C umeshaifomati na Windows haikuwahi kuingia. Ndiyo maana Kasulu amekupa amri nzuri na jibu likawa 0. Hakuna cha kuandikwa kwenye daftari.

La pili ni 0x8007025D. Hiyo inatokea sana pale mashine inaposoma mafaili ya usakinishaji na kukuta hayasomeki. Mara nyingi ni flashi, ISO iliyopakuliwa vibaya, mara chache RAM au diski yenyewe. Flashi ya GB 64 kwa 12,000 mimi naitilia shaka. Nitarudi hapo.

Kabla ya yote, toa mali za watu. Tafuta flashi NYINGINE, ndogo inatosha, unayoiamini. Washa kwa flashi ya Windows, ukifika kwenye ukurasa wa kwanza wa lugha bonyeza Shift na F10, andika notepad. Itafunguka Notepad ya kawaida. Nenda kwenye kufungua faili, pale chini badilisha ioneshe mafaili ya aina zote, halafu ingia kwenye kompyuta. Utaona draivu zako. Herufi zinaweza kuwa zimehama, D ikajiita C au E, usishtuke, angalia majina ya mafolda. Hiyo X utakayoiona ni ya usakinishaji, iko kwenye RAM, achana nayo. Bonyeza folda yako kwa kitufe cha kulia, nakili, nenda flashi ya pili, bandika. Haitakuonesha asilimia, itaonekana kama imekwama. Iache.

Ukimaliza, peleka hiyo flashi kwenye laptopu ya mdogo wako ufungue kila faili kwa macho yako. Usiniambie yamenakiliwa mpaka umeyafungua.

---

Mkali_wa_Diski, Jumanne saa 4:15 usiku

Nisamehe dada, nilisoma haraka. Mzee Isevya yuko sahihi, fuata yake.

---

Ujiji_Mwembeni, Jumanne saa 4:40 usiku

Dada, kabla hujalala niambie kitu kimoja. Ukiingia kwenye BIOS, tarehe inaonyesha mwaka gani?

---

Binti_Mwanga, Jumatano saa 5:20 asubuhi

Mzee wangu, shikamoo. Kaka Mkali usijali, sikuwa nimeifikia hiyo amri, ila nilikuwa nimeshaandika diskpart. Nimeogopa nilipousoma ujumbe.

Nimefanya kama ulivyosema. D yangu ilikuwa imejiita E, nimeijua kwa folda ya "KIKOBA KIBIRIZI" na folda ya picha za paspoti. Nilipobandika, dirisha lilitulia kimya kabisa kwa dakika kumi na kitu. Mdogo wangu alitaka kuzima, nikamshika mkono. Taa ya flashi ilikuwa inapepesa, nikasema maadamu inapepesa inafanya kazi. Ilipoacha nikaenda kwenye laptopu. Mafaili yote matano ya miaka yamefunguka. Nimeshuka mpaka mstari wa mwisho wa kila ukurasa, nimekuta hadi ile faini ya sh. 1,000 ya mwenyekiti kuchelewa mwezi wa tatu. Nimelia kidogo.

Kwenye C kulikuwa na sampuli zangu za kadi za harusi na vyeti. Hizo zimekwenda, nitatengeneza nyingine.

Sasa flashi naijuaje kama ni mbovu?

---

Fundi_Isevya, Jumatano saa 6:05 mchana

Marahaba mwanangu. Sasa hata mimi nakula chakula changu kwa amani.

Hiyo flashi ya pili itoe kabisa kwenye meza ya kazi, iweke kabatini. Isiwe karibu na mashine tutakapoanza kufomati.

Flashi tunaipima kwa njia mbili. Ya haraka: kwenye laptopu bonyeza ISO mara mbili, itafunguka kama draivu. Ndani ya folda ya sources kuna faili kubwa kuliko yote, install.wim. Faili la jina hilo hilo lipo kwenye flashi yako pia. Chomoa flashi uichomeke upya kwanza, la sivyo laptopu itakusomea kilichobaki kwenye kumbukumbu yake badala ya kilichomo kwenye flashi. Halafu fungua dirisha la amri, andika hivi, ukibadilisha herufi kulingana na draivu zako:

certutil -hashfile F:\sources\install.wim SHA256
certutil -hashfile G:\sources\install.wim SHA256

Kila amri itatoa mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Mistari ikifanana mpaka mwisho, flashi haina kosa na tutatafuta kwingine. Ikitofautiana hata tarakimu moja, au ikikataa kusoma, flashi imekudanganya.

Njia ya pili ni kuijaza. Kuna programu ndogo inaitwa H2testw, inaandika data mpaka flashi ijae, kisha inaisoma tena na kulinganisha. Kwa GB 64 itachukua masaa. Itakuambia ukubwa wa kweli. Fahamu kwamba zipo flashi ambazo chipu yake ya ndani ni ya GB chache, ila imewekewa programu inayoitangazia kompyuta kuwa ni 64. Unaandika, inakubali yote bila kulalamika, ila yanayozidi nafasi yake ya kweli hayakai popote. Ndiyo maana kwako ilibuti safi: mafaili ya kuanzia yaliangukia sehemu ya kweli, hilo kubwa likaangukia hewani.

---

Binti_Mwanga, Alhamisi saa 1:30 asubuhi

Mistari haifanani. Ya ISO imetoka, ya flashi imesoma kidogo halafu ikakataa.

Nikaiacha H2testw usiku kucha. Asubuhi imeandika kwa wekundu, sehemu ya kweli ni GB 3.7. Katika 64! Aliyeniuzia hakuwa na risiti. Nimemrudia, kasema naye ameuziwa hivyo hivyo kwenye katoni.

Mwalimu mmoja wa Gungu ananiazima flashi yake ya GB 16 jioni.

---

Fundi_Isevya, Alhamisi saa 2:10 asubuhi

Ijaribu na hiyo pia kabla ya kuiamini, certutil peke yake inatosha.

Kwenye Rufus chagua MBR, si GPT. Kwenye menyu ya kubuti (F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP) chagua jina la flashi LISILO na neno UEFI. Flashi ni moja, milango ni miwili. Ukipita mlango wa UEFI inadai GPT, na kupata GPT ndiko kunakoleta mambo ya clean. Diski yako ni MBR, pita mlango wa zamani.

Ukifika kwenye kuchagua, chukua lile chaguo la pili, la kusakinisha upya, usichukue la kupandisha. Utaona orodha ya vipande vitatu: kidogo cha MB 100, C na D. Hakuna majina mazuri pale, soma ukubwa. Weka alama kwenye C peke yake, fomati, endelea. Usifute kipande kidogo. Usakinishaji ukimaliza utaandika BCD mpya humo wenyewe. Mashine ikijiwasha upya mara ya kwanza, chomoa flashi.

Jambo moja la pembeni. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa mpya kuliko ya mashine iliyokuja na Windows 7. Hilo tutaliongea kikoba kikishavunjwa.

---

Binti_Mwanga, Alhamisi saa 4:50 usiku

IMEWAKA. Asilimia 52 ilipopita nilisimama. Ikaenda 53, 60, ikamaliza. D ipo, imejaa, folda zote.

Mzee wangu Mungu akupe maisha marefu. Ukipita Kigoma, migebuka iko juu yangu.

---

Binti_Mwanga, Ijumaa saa 1:15 asubuhi

Jamani. Usiku umeme umekatika tena. Asubuhi nimewasha, inasema hakuna kifaa cha kubuti. Kioo cheusi, hata namba hakuna.

---

Ujiji_Mwembeni, Ijumaa saa 1:22 asubuhi

Dada hukunijibu swali langu la Jumanne. Ingia BIOS, nisomee tarehe.

---

Binti_Mwanga, Ijumaa saa 1:31 asubuhi

Nisamehe kaka, lilinipita. Inasema tarehe 1 Januari 2012.

---

Ujiji_Mwembeni, Ijumaa saa 1:40 asubuhi

Hapo sasa. Betri ya saa imekufa. Ni ile duara kama sarafu kwenye ubao mama, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Umeme ukiwa ukutani mipangilio inakaa. Ukikatika, BIOS inasahau kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani, na kwa baadhi ya mashine ikirudi hivyo inaweza kwenda UEFI peke yake. Windows yako iko kwenye MBR, kwa hiyo haioni kitu. Windows haijaharibika, usipige tena!

Kwa sasa rudisha kwenye mfumo wa zamani, yaani Legacy, hifadhi, itawaka. Halafu nunua betri. Zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu, sukuma kile kibano cha pembeni kwa ncha ya bisibisi, betri itaruka yenyewe. Mpya inakaa upande wenye alama ya kujumlisha ukikutazama wewe. Weka tarehe na mfumo wa kubuti upya, hifadhi.

---

Fundi_Isevya, Ijumaa saa 2:00 asubuhi

Ujiji, ahsante. Hilo nililiacha mimi. Mwaka wa saa nilipaswa kuuliza siku ya kwanza.

---

Binti_Mwanga, Jumatatu saa 3:00 asubuhi

Narudi kuwapa mrejesho, maana nimesoma nyuzi nyingi humu ambazo mwenye swali akishapona anapotea.

Betri nimeipata kwa fundi saa hapa Mwanga, sh. 1,500. Ya zamani ilikuwa na vumbi jekundu limeganda pembeni, nikapangusa kwa kitambaa kikavu. Wiki nzima umeme umekatika mara tatu, na tarehe imebaki sahihi. Kila ukirudi naingia BIOS kwanza kuitazama, bado sijaacha.

Jumamosi tumevunja kikoba chini ya mwembe kwa mwenyekiti, Kibirizi. Nilichapa karatasi ya kila mama, nikasoma moja moja kwa sauti: hisa zake, mkopo aliorudisha, anachobakiwa nacho. Kuna bibi mmoja hasomi, huwa anahesabu kwa mafundo ya kamba. Nilipomtajia jumla yake akaishusha ile kamba mapajani, akahesabu fundo kwa fundo, akanyanyua uso akasema, "Ndiyo hiyo." Hakuna shilingi iliyogombaniwa.

Nakala sasa ziko tatu, mashine, laptopu ya mdogo wangu, na flashi ya GB 8 niliyoipima mwenyewe kwa H2testw. Hiyo anakaa nayo mwenyekiti. Ameifunga kwenye pindo la kanga yake.